Ufunguo wa Ukumbi Unalala kwa Nani?

(Niliombwa kuzungumza na wakazi wa mtaa wetu hapa Arusha, Jumamosi asubuhi, kabla ukumbi haujaanza kupambwa kwa ajili ya harusi ya jioni. Baadaye vijana wawili wakaniomba niyaandike niliyosema. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, ila salamu nimezifupisha, maana zenyewe zilikula robo saa.)

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, mtendaji, wajumbe, viongozi wetu wa dini, nadhani itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenzangu, habari za asubuhi. Na nyie chalii mliosimama pale mlangoni kama mnaodaiwa, ingieni, viti vipo. Na mabinti walioko nje nao waingie. Najua viti vimeshavishwa vitambaa vyeupe vya harusi. Kalieni tu, soda ndiyo msimwage.

Nimeombwa nizungumzie umuhimu wa kituo cha jamii kwa vijana na familia za mjini. Mada hiyo naifahamu. Nimeitoa kwenye semina mpaka ikanichosha mwenyewe. Nikifika kwenye "vijana ni taifa la leo" naona macho ya watu yanaanza kutafuta chakula kimefika wapi. Leo naiacha. Nina swali moja, na nitalizunguka mpaka muda wangu uishe. Ufunguo wa ukumbi huu unalala kwa nani?

Nimesikia mtu kule nyuma amesema kwa mwenyekiti. Mwingine amesema kwa mlinzi. Mwenyekiti mwenyewe anatikisa kichwa. Basi tuko pamoja, kwa sababu jana mimi nimezunguka nyumba tatu nikiutafuta, nije nijaribu kipaza sauti.

Nina sababu ya kuuliza. Kabla sijastaafu nilikuwa ofisa maendeleo ya jamii kwenye kata moja ambayo sitaitaja. Kata hiyo ilikuwa na ukumbi mzuri kuliko huu: bati jipya, sakafu ya saruji, kibaraza mbele na ngazi nne. Jumanne moja, saa kumi jioni, nilipita pale na daftari langu kwapani. Kwenye ngazi walikuwa wamekaa vijana sita au saba. Ngazi ya tatu walikuwa wameichora drafti kwa mkaa, na kete zao ni visoda. Wa upande mmoja wamevilaza kifudifudi, wa upande wa pili chali. Wanacheza kimya, wanaheshimiana kabisa, hata mimi nikasimama kuangalia. Mara mvua ikaanza, ile ya ghafla ya kutoka Meru. Wakajibana kibarazani, maji yakaiosha drafti mbele ya macho yetu. Mmoja wao, mtoto wa fundi cherehani ninayemfahamu, akaniuliza, "Mama, kwani humo ndani kuna nini?"

Mimi nilijua kuna nini. Kulikuwa na meza ya ping-pong, kabati la vitabu na vyerehani vinne. Nilivipokea kwa mkono wangu, sahihi yangu iko kwenye karatasi. Nilichokuwa sina ni ufunguo. Ufunguo alikuwa nao katibu wa kamati, na katibu alikuwa amehamia Usa River. Nikawajibu wale vijana jibu la kiofisi, kwamba suala lao linashughulikiwa.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuhesabu. Kila nikipita naandika mlango uko wazi au umefungwa. Katika miezi mitatu niliukuta wazi kwa ajili ya vijana mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na mgeni anayekuja kutembelea mradi. Meza tulipokuja kuitoa, miaka miwili baadaye, mchwa walikuwa wamemaliza miguu miwili. Haikuwahi kupigwa mpira hata mmoja. Katika taarifa yangu ya mwaka nilikuwa nimeandika kwamba kata ina kituo cha vijana kimoja. Nilidanganya, ingawa kila neno lilikuwa kweli.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu turudi. Mimi ni zao la Tengeru, hapo hapo barabara ya Moshi, chuo cha maendeleo ya jamii kilichoanza mwaka 1963. Tulifundishwa habari za Toynbee Hall, nyumba ya kuhudumia jamii iliyofunguliwa mashariki ya London mwaka 1884, na Hull House ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1889 na mabinti wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr. Mtaa wao ulijaa wahamiaji: Waitaliano, Wajerumani, Wayahudi, Wagiriki, watu waliotoka vijijini kwao kufuata viwanda, kama watu wanavyoshuka Arusha leo kutoka kila upande. Wale mabinti walikuja na mpango wa kusoma vitabu na kuonyesha picha za sanaa. Walikuwa wasomi, tuwasamehe. Lakini kina mama wa jirani waliokuwa wanashinda viwandani walikuwa na shida nyingine, watoto wanabaki na nani. Basi chekechea ikaingia mapema kabisa, baadaye zikaja bafu, uwanja wa michezo, madarasa ya jioni, mpaka nyumba moja ikawa majengo 13. Mwaka 1931 Jane Addams akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwalimu wetu alitukaririsha miaka hiyo kwa ajili ya mtihani. Jambo moja alilipita haraka, nami nimelielewa nikiwa nimeshazeeka: wale mabinti waliishi mle mle ndani. Walilala pale. Mtoto akigonga saa moja usiku kuna mtu wa kufungua, hakuna katibu aliyehamia mji mwingine.

Niseme na la mwisho la habari hiyo, lisije likafichwa. Taasisi iliyorithi jina na kazi ya Hull House ilifunga milango Januari 2012, baada ya zaidi ya miaka 120. Ilikuwa imeegemea mno fedha za serikali, zilipopungua ikakosa pa kushika. Mheshimiwa diwani, hapo nakuangalia wewe, lakini najiangalia na mimi.

Na kwetu? Nyie mnaopita Kaloleni kila siku, lile jengo la Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, mnajua lilikuwa nini kabla? Lilikuwa ukumbi wa jamii. Ukumbi, kama huu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga kumbi za ustawi kwenye miji ya Tanganyika, ikiwafikiria kwanza askari waliorudi kutoka Burma na kwingine. Vijana waliokuwa wameona dunia na kushika bunduki, halafu wamerudi hawana kazi. Humo kulikuwa na chai, magazeti, madarasa ya kusoma na kuandika, dansi. Mkoloni alikuwa na hofu zake, hilo linaeleweka. Ila watu wakishazoea kukaa pamoja kwenye ukumbi, mazungumzo yao humpangii wewe. Pale Kaloleni ndipo Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Leo tunapeleka wanafunzi pale kwa kiingilio, wakaangalie picha ukutani.

Turudi kwetu. Nikiwa mtoto, miaka ya sabini, mtaani hapa kila baada ya nyumba chache kulikuwa na kiwanja. Tulicheza rede mpaka mama aite mara ya tatu. Sasa kila kiwanja kina fremu. Sensa ya 2022 imetukuta jijini zaidi ya watu 600,000, na watoto wa hao watu wanachezea barabarani, kati ya bodaboda na mitaro. Kule Olmoti ulianza kujengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya mashindano ya AFCON ya 2027. Siupingi, nami nitaomba tiketi kwa diwani. Lakini mtoto wa miaka tisa wa mtaa huu anahitaji eneo la ukubwa wa ukumbi huu, saa tisa na nusu mchana akitoka shule, Jumanne ya kawaida isiyo na mgeni.

Hapo kwenye saa ndipo nataka kukaa kidogo.

Kuna mama mmoja, simtaji, anauza mboga. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo sokoni Kilombero. Ana mtoto wa miaka mitatu. Tulipoanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, kwenye ule ukumbi wa kata yangu, tulimwona kama ndiye hasa tuliyemkusudia. Tulifuata utaratibu wote, kituo kikasajiliwa ustawi wa jamii, walezi wakafundishwa, ukuta ukapakwa rangi na kuchorwa twiga. Yule mama hakuleta mtoto hata siku moja. Nikamfuata nyumbani, karibu nimseme. Akanijibu kwa upole, "Dada, nyie mnafungua saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu mimi nimeshauza nusu ya mchicha." Mtoto wake alikuwa anashinda na binti wa jirani wa miaka kumi, ambaye naye kwa hiyo alikuwa haendi shule. Tulipanga saa kwa kufuata saa za ofisi, kwa sababu waliopanga tulikuwa watu wa ofisi. Tulipomwomba mlezi mmoja, mama mtu mzima anayeamka kuswali, afungue saa kumi na moja alfajiri, wiki hiyo hiyo wakaja watoto wanane.

Mabinti nao. Miaka yote nilikuwa naandika kwamba "mwitikio wa wasichana ni mdogo", na nikaweka na sababu za mila na desturi, kirefu, na aya nzuri. Siku moja nikawauliza wenyewe. Wakatazamana, wakacheka, mmoja akasema, "Mama, choo hakina komeo." Mlango wa choo ulikuwa haufungiki kwa ndani. Ukiingia lazima mwenzako asimame nje ashikilie, na maji ya ndoo yako mbali. Binti aliye kwenye siku zake atakuja kufanya nini hapo, kuangalia wavulana wakicheza pool? Komeo nilinunua mwenyewe, shilingi elfu tatu, duka la vifaa karibu na stendi. Sikuandika kwenye taarifa, niliona aibu. Jumamosi iliyofuata walikuja mabinti kumi na mmoja.

Na choo cha hapa nimekikagua jana. Mwenyekiti, tutaongea.

Haya, sasa harusi. Nimeziacha makusudi nisije nikafukuzwa mapema. Ukumbi huu unaishi kwa harusi. Harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, misiba pia tunaikaribisha. Fedha hiyo ndiyo inanunua umeme wa LUKU, inalipa maji, inamlipa mlinzi. Bila harusi tungekuwa gizani, na mimi sina ubavu wa kuwaambia muache kuoana. Isitoshe Jumamosi na Jumapili ukumbi ukiwa na sherehe, vijana wetu ndio hao wanapanga viti, wanapiga muziki, wanapata chochote.

Shida yangu ni vikao. Harusi moja ina vikao vya kamati vingapi? Nane? Kumi? Na vyote vinataka jioni za katikati ya wiki, saa kumi na moja na nusu, watu wakitoka kazini. Wanafika watu tisa, wanakaa kwenye kona moja ya ukumbi wa watu mia mbili, mwenye daftari anasoma ahadi, nani ametoa, nani bado. Na kwa ajili ya watu tisa hao wanasukumwa nje vijana arobaini. Nimeliona hilo hapa, wiki iliyopita tu. Kocha wa karate alikuwa na watoto mkekani, akaambiwa awatoe, kuna kikao. Watoto wakavaa viatu wakaondoka. Hakuna aliyegombana, na hicho ndicho kilichoniuma: walishazoea.

Kikao cha watu tisa kinaweza kukaa sebuleni kwa mwenye harusi. Atapika chai, tutamshukuru.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa kamati ni hili: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tisa mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, ukumbi usikodishwe. Kwa bei yoyote. Hata aje mheshimiwa na bahasha. Iandikwe ubaoni kwa rangi ya mafuta, isiwe kwa chaki.

Sasa ndani ya hizo saa tufanye nini? Hapa nitapita haraka, kwa sababu wakubwa tukishaanza kupanga hatuachi. Waulizwe wao. Tuliwahi kuwaita vijana kwenye semina ya ujasiriamali ya siku tano. Walikuja siku ya kwanza kwa ajili ya posho, na ya mwisho kwa ajili ya cheti. Walichokuwa wanataka ni spika moja na kona ya kufanyia mazoezi ya kurap. Mimi nilikuwa nadhani ni kelele. Nimesahau kwamba jiji hili hili ndilo lilitoa X Plastaz, chalii wa Arusha waliochanganya hip hop na nyimbo za Kimasai wakazunguka nazo Ulaya. Mpe kijana spika, baada ya wiki tatu anakaa mwenyewe, na hapo ndipo unaweza kumwambia habari za mkopo wa halmashauri. Ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka 2024, na kikundi kinatakiwa kiwe na katiba na usajili. Katiba ya kikundi haiandikiki ukiwa umesimama kwenye kijiwe cha bodaboda. Inataka meza, taa, na mtu aliyewahi kuiandika akae pembeni. Hiyo kazi naijua, nitaifanya bure.

Nije kwenye ufunguo wenyewe. Naomba uchongwe nakala tatu. Mmoja abaki nao mwenyekiti. Wa pili apewe mama chapati wa pale ng'ambo, kwa sababu katika mtaa mzima ni yeye peke yake ambaye nina hakika yuko hapa kila siku kuanzia alfajiri mpaka usiku. Usicheke, mama, nakutaja kwa heshima. Wa tatu wapewe vijana wenyewe, wachague wawili, mvulana mmoja na msichana mmoja, wasaini kwenye daftari kila wanapofungua na kufunga.

Naona mzee wangu pale ameinua mkono. Najua atakachosema: wataiba spika. Mzee wangu, spika ya mwaka juzi iliibwa ukumbi ukiwa umefungwa kwa kufuli mbili. Mwizi alipita dirishani. Kama kungekuwa na watoto thelathini humu ndani, angepitia wapi?

Lakini kuna hofu moja ambayo siichekei. Penye watoto wengi hufika na watu wabaya, wengine wamevaa vizuri na wanaitwa mwalimu. Kwa hiyo kila zamu iwe na watu wazima wawili, kamwe asiwe mmoja. Mlango mkubwa ubaki wazi muda wote watoto wakiwemo. Hakuna kufundisha mtoto mmoja stoo. Na ile namba 116, ya simu ya huduma kwa mtoto, tuibandike ukutani kwa maandishi makubwa, chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili, na siyo juu karibu na picha za viongozi. Kupiga ni bure.

Mtaniuliza fedha. Nimeshasema, Jumamosi na Jumapili zinalipa umeme. Wazee wa misikiti na makanisa mmeniahidi sakafu na mikeka, nimeandika. Mfadhili akija tutampokea, tutamshukuru, lakini asije na meza ya ping-pong kabla hatujajua nani anafungua mlango. Wale wa Chicago walikuwa na miaka 120 na Nobel, na bado waliangukia hapo hapo, kwenye kumtegemea mtu mmoja.

Nimemaliza upande wangu. Daftari liko pale mezani, karibu na birika. Nimechora mistari mwenyewe jana usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kila siku inataka majina mawili ya watu wazima. Jumatatu imeshajaa, Alhamisi pia. Jumatano kuna jina moja, na ni langu. Wapambaji wanaingia saa saba, kwa hiyo tuna kama saa moja na nusu. Mwenye kalamu ampe na mwenzake.